Breki za Kuteremkia Hada

Kazi ya Protus ilianza kwa vumbi na kuishia kwa maji. Asubuhi alilifuta gari vumbi la usiku. Saa kumi na mbili na nusu alimpeleka Hala shuleni. Hala alikuwa na miaka saba na maswali mengi. Kisha alimpeleka baba yake Hala, Bwana Hilal, ofisini. Aliporudi nyumbani, mtaa wa Al-Malqa, alichukua mpira wa maji akaliosha gari lote, kuanzia paa hadi magurudumu. Maji yalipogusa vyuma vya ndani ya magurudumu, yalichemka kwa mlio mkali na mvuke mweupe ukapanda. Protus aliupenda mlio huo. Kwake ulikuwa dalili ya kazi iliyofanywa vizuri.

Ilikuwa Januari 2015. Miezi minane ilikuwa imepita tangu atue Riyadh kutoka Bungoma. Katika miaka hiyo Wakenya walikuwa wakiingia kwa wingi, wanawake kwa kazi za nyumbani na wanaume kwa udereva na ulinzi. Protus alijihesabu mwenye bahati, kwa sababu waajiri wake walisema Kiswahili. Wazazi wa Bwana Hilal walihama Unguja baada ya mwaka 1964. Mkewe, Bi Mwanamize, alizaliwa Jeddah katika familia ya Wapemba. Wageni walizungumza nao Kiarabu. Kiswahili kilikuwa cha kulia chakula na cha kugombania. Protus aliwaita Baba na Mama.

Usukani ulianza kutetemeka katikati ya Desemba.

Haukutetemeka wakati wote. Ulitetemeka pale tu Protus alipokanyaga breki. Mwanzoni ulikuwa mtetemo mdogo kwenye taa za barabarani. Baada ya wiki mbili ulikuwa mkubwa, na ulipanda kutoka mikononi hadi mabegani. Siku moja, walipokuwa wakitoka barabara kuu, hata kiti cha nyuma kilitikisika.

"Ami Protus," Hala aliuliza, "gari lina homa?"

Protus alicheka, akapunguza mwendo.

Hakumwambia mtu. Katika wiki yake ya pili kazini aliwahi kusema kwamba gurudumu moja halina upepo wa kutosha. Bwana Hilal alimuuliza amegonga wapi. Hakuwa amegonga popote. Lakini tangu siku hiyo alielewa kwamba katika nyumba hii habari yoyote ya gari huanza kwa kumtafuta aliyeliharibu. Na dereva aliyeharibu gari hakai. Kafili, yaani mwajiri mdhamini, akitia saini, ikama, kibali cha kukaa nchini, inafutwa, na mtu anajikuta uwanja wa ndege na begi lake.

Basi alinyamaza. Alianza kufunga breki mapema na polepole. Aliacha nafasi kubwa mbele yake. Magari mengine yaliijaza nafasi hiyo, na madereva wa nyuma wakampigia honi. Kila jioni alisema moyoni kwamba kesho atasema. Kesho ilifika, naye akaosha gari na kunyamaza.

Kisha Bi Mwanamize akaleta habari ya safari. Binti wa dada yake alikuwa anaolewa Jeddah. Familia nzima ingeondoka Alhamisi, shule zikiwa zimefungwa. Wangepitia Taif kumchukua mama yake Bi Mwanamize, kisha wangeteremka kwa barabara ya Hada. Kwa kuwa Protus alikuwa Mkristo, wangeizunguka Makka kwa barabara ya pembeni hadi Jeddah. Karibu kilomita elfu moja.

Protus hakujali kilomita. Alijali jina moja tu. Aliwahi kuiona Hada kwenye simu ya dereva mwenzake. Barabara ilijikunja juu ya jabali kama utumbo wa mbuzi. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine bonde tupu. Nyani walikaa juu ya kingo wakiyatazama magari yanavyoshuka. Alijiona katikati ya kona hizo, usukani ukimtikisa, Hala na bibi yake wakiwa nyuma.

Jumatatu alipata ujasiri wa nusu. Alimwambia Bwana Hilal kwamba usukani unatetemeka kidogo. Alisema neno "kidogo" mara mbili.

Bwana Hilal hakukasirika. Aliona ni jambo jepesi. "Hobu hizo," alisema. "Kawapelekee watu wa sanaiya wazichonge. Hobu ikitetemeka huchongwa, halas, imekwisha. Ndivyo tufanyavyo siku zote."

Hobu ni jina ambalo watu wa Riyadh huziita diski za breki. Diski ni sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga breki, vipande viwili viitwavyo pedi huibana sahani hiyo huku na huku, na gurudumu husimama. Uso wa diski ukiharibika, fundi anaweza kuufunga kwenye mashine na kuuchonga mpaka unyooke. Protus alishusha pumzi. Bosi amesema zichongwe. Lawama si yake tena.

Jumanne asubuhi alikwenda sanaiya, eneo la karakana lililo kusini mwa jiji. Madereva wenzake walimwelekeza kwa Zablon, Mkisii aliyesomea kazi ya vyuma katika chuo cha ufundi. Zablon alifanya kazi peke yake, na aliongea muda wote akifanya kazi. Aliinua gari kwa jeki, akalisimamisha juu ya vigingi vya chuma, akafungua magurudumu yote manne. Lakini hakuiwasha mashine ya kuchonga. Alichukua kwanza kipimo kidogo cha chuma chenye kinywa kama cha kaa, akaibana nacho diski ya mbele. Alisoma, akaandika. Akaizungusha diski kidogo, akapima tena. Alifanya hivyo mahali panane.

"Kwani unaipima suruali?" Protus alimtania. "Chonga, ndugu yangu, niwahi shule."

"Fundi wa nguo hupima kabla ya kukata," Zablon alisema. "Mimi nikikosea, hakuna kiraka. Njoo usome hapa."

Aliifuta kutu kwenye ukingo wa diski kwa kitambaa. Palikuwa na maandishi madogo yaliyopigwa ndani ya chuma. Protus aliinama akasoma: milimita ishirini na sita.

"Huo ndio unene wa mwisho," Zablon alieleza. "Aliyeitengeneza ameuandika mwenyewe. Ikiwa mpya, diski hii ilikuwa na ishirini na nane. Ikifika ishirini na sita imemaliza kazi yake. Sasa soma kipimo changu."

Protus alisoma. Mahali pengine ishirini na sita na nukta sita. Mahali pengine nukta nne.

"Bado imebaki," alisema.

"Imebaki kabla ya kuchonga. Unene haulingani, ndiyo maana usukani unatetemeka. Ili uso unyooke lazima niondoe karibu milimita moja, nusu huku na nusu huku. Itabaki ngapi?"

Protus alihesabu. Ingebaki ishirini na tano na kidogo.

"Lakini itaacha kutetemeka?"

"Itaacha. Hapo ndipo hatari ilipo. Utaendesha ukifurahi. Wewe Mluhya, na wewe ni mtu wa ugali. Sufuria nyembamba ukiiweka jikoni inakuwaje?"

"Inaunguza."

"Na nzito?"

"Hupata moto polepole."

"Basi. Ukifunga breki, mwendo wa gari unageuka kuwa joto, na joto linaingia kwenye diski. Diski nene hulibeba. Nyembamba huwaka upesi. Hapa mjini unaweza usione kitu. Kwenye mteremko mrefu, joto linahamia kwenye pedi na kwenye mafuta ya breki. Mafuta yakichemka, unakanyaga, na mguu unazama mpaka sakafuni. Hakuna kinachoshika." Zablon aliweka kipimo chini. "Mnaenda wapi na gari hili?"

"Jeddah. Kwa Hada."

Zablon hakutania tena. Alimulika tochi kwenye diski ya kushoto. Uso wake ulikuwa na madoa ya buluu, na juu ya madoa hayo nyufa nyembamba kama nywele. Alieleza kwamba diski yenye nyufa kama hizo haichongwi hata kama ni nene. Kisha akauliza kama kuna mtu huyamwagia magurudumu maji yakiwa ya moto.

Protus alisikia mlio wa yale maji masikioni mwake. Alitaka kusema hapana.

"Kila siku," alisema mwishowe. "Nikirudi tu. Naosha vumbi."

"Madereva wa nyumbani wote ni hivyo," Zablon alisema bila ukali. "Gari ling'ae kabla madam hajachungulia dirishani. Si maji peke yake yaliyoiua diski hii. Inaonekana imechongwa zamani, pengine zaidi ya mara moja. Lakini chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinashtuka. Kinaweza kujipinda, kinaweza kupasuka. Maji yako yamesaidia kuiua."

Diski za nyuma zilikuwa na hali nyingine. Zilikuwa na michirizi tu, bila nyufa. Unene wake ulikuwa kumi na saba na nusu, na mwisho wake ulikuwa kumi na sita. Hizo, Zablon alisema, angezichonga kwa moyo mweupe. Za mbele zitupwe, ziwekwe mpya, zote mbili kwa pamoja, na pedi zake mpya.

Protus alimpigia simu Bwana Hilal. Bosi alikuwa kwenye kikao na alijibu kwa sauti ya chini. Alisema diski mpya ataziangalia baada ya safari. "Mwambie achonge. Kazi yake ni kuchonga, si kutoa fatwa." Simu ikakatika.

Zablon alikuwa amesikia. Alifuta mikono. "Sichongi chini ya namba. Jirani hapo atakuchongea hata ibaki karatasi. Hatakuuliza kitu. Na yeye hatapanda gari lako."

Protus alizichukua zile diski mbili za mbele, ambazo Zablon alikuwa ameshazifungua, moja kila mkono, akatoka nje. Karakana ya jirani ilikuwa hatua thelathini. Alijiambia kwamba bosi ameamuru. Alijiambia kwamba akifika na gari lisilotetemeka hakuna atakayejua habari za nyufa wala za maji. Nyumba aliyokuwa akiijenga Bungoma ilikuwa bado haina paa. Fundi jirani alizitazama diski kwa jicho moja, akasema nusu saa tu, akanyoosha mkono azipokee.

Ile ya kushoto ilikuwa nzito mkononi mwa Protus. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya ufa. Alikumbuka sauti ya Hala: gari lina homa?

"Mafi, hakuna," alimwambia yule fundi. "Samahani. Si leo."

Zablon alizirudisha diski zilezile mahali pake, akamwandikia vipimo kwenye karatasi. Alimwonya kwamba hilo ni la kumfikisha nyumbani tu, kwa mwendo mdogo. Protus aliendesha akishikilia njia ya kulia kabisa. Kila taa nyekundu ilimtia hofu. Lakini hofu kubwa zaidi ilikuwa ikimngoja sebuleni.

Siku hiyo gari la jirani lilimleta Hala kutoka shule. Jioni, Bwana Hilal alipomaliza kula, Protus alisimama mlangoni na karatasi mkononi. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yote yalimpotea.

"Baba," alisema, "siwezi kuteremka Hada na diski hizi."

Bwana Hilal aliweka kikombe chini. "Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi, Baba. Na kuna jingine." Akasema yote. Alisema kuhusu wiki tano za kunyamaza. Alisema kuhusu maji. Alisema kwamba alikwenda hadi mlango wa fundi wa pili na mkono wa fundi ulikuwa umeshanyooshwa. Aliposema mambo haya hakumtazama mtu. Alikuwa akilitazama zulia, na tayari aliliona begi lake likiwa juu ya mizani ya uwanja wa ndege.

Bwana Hilal alivuta pumzi ya kusema. Bi Mwanamize alimtangulia.

"Hilal, yule Dancan alizichonga mara ngapi hizo hobu?"

Dancan ndiye dereva aliyekuwepo kabla ya Protus.

"Mara moja," Bwana Hilal alisema.

"Mbili. Ya kwanza kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi, ukanichelewesha kwa daktari. Ya pili wiki ile aliyoondoka. Wewe mwenyewe ulisema umpe kazi ya mwisho." Aliichukua karatasi mkononi mwa Protus akaisoma. "Madereva wanakwenda zao, na habari za gari wanaondoka nazo. Gari linabaki bubu. Na huyu naye kaficha, kwa sababu sisi tumemtia hofu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hili likimuumbua, Hilal, mama yangu yumo ndani."

Bwana Hilal aliizungusha tasbihi yake. Kisha aliuliza yule fundi anafungua saa ngapi.

Jumatano walikwenda wote wawili. Bwana Hilal alivaa miwani, akainama kwenye ukingo wa diski, akaisoma namba mwenyewe. Aliomba kile kipimo, akapima kwa mkono wake mahali patatu. Kisha akasimama, na goti la kanzu yake nyeupe lilikuwa na doa la grisi.

"Miaka yote nilidhani chuma hakina mwisho," alisema.

"Kila chuma kinaisha, Baba," Zablon alijibu. "Chako kimeandikwa kabisa mahali pa kuishia."

Kazi ilichukua asubuhi nzima. Zablon alizisafisha diski mpya, kwa sababu hupakwa mafuta dukani zisishike kutu, na mafuta hayo hayatakiwi kwenye breki. Alifunga pedi mpya, maana pedi za zamani zilikuwa zimeshika umbo la diski mbovu. Alizichonga za nyuma, akazipima tena: kumi na saba kamili. Alibadilisha mafuta ya breki. Nati za magurudumu alizikaza kwa kukingamisha, moja kisha ya mkabala wake, kwa spana yenye kipimo, na akaeleza kwamba nati zikikazwa ovyo, diski mpya nayo inaweza kujipinda. Mwisho alimtuma Protus kwenye barabara tupu ya nyuma akafunge breki taratibu, mara thelathini, akiziacha zipoe kati yake, ili pedi na diski zizoeane.

Kabla hawajaondoka, Bwana Hilal alichukua ile karatasi. Aliandika tarehe, na kilichobadilishwa, na unene wa kila diski. Akaitia katika kisanduku cha mbele cha gari. "Ya dereva ajaye," alisema. Protus aligeuka haraka kumtazama. Bwana Hilal aliona. "Nina maana siku utakayorudi kwenu kwa hiari yako," aliongeza.

Walifika ukingo wa Hada Ijumaa asubuhi, baada ya kulala Taif. Bibi yake Hala alikuwa ameketi nyuma, akisoma dua kwa sauti ndogo. Nyani walikuwa juu ya kingo kama Protus alivyowaona kwenye simu. Chini, bonde lilikuwa limejaa ukungu, na barabara ilipotea ndani yake.

Protus aliogopa. Breki mpya hazikumwondolea hofu, na pengine ilikuwa vema. Aliweka gia ndogo ili injini ilizuie gari, kama Zablon alivyomfundisha. Hakuuweka mguu kwenye breki muda wote. Alikanyaga kwa uthabiti kabla ya kona, mwendo ukapungua, akaachia diski zipate upepo. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Alisubiri mtetemo mikononi mwake. Haukuja.

Kwenye kona ya tisa harufu ya kuungua iliingia ndani ya gari. Bi Mwanamize alimshika mumewe bega. Mguu wa Protus ulikwenda kwenye pedali. Pedali ilikuwa juu na ngumu, na gari lilitii. Harufu haikuwa yao. Mbele, pikapu ya mizigo ilikuwa imesimama ikiwa imejiegemeza kwenye ukuta wa mawe, moshi ukitoka kwenye magurudumu ya mbele. Dereva wake alikuwa ameketi chini kando ya barabara, mzima, amejishika kichwa kwa mikono miwili. Watu wawili walikuwa wakimpa maji anywe.

Bwana Hilal aliyatazama yale magurudumu mpaka yakapotea nyuma ya kona. Walipofika chini, penye barabara iliyonyooka, Protus aligundua kwamba meno yake yalikuwa yanamuuma kwa kuyabana.

Jeddah ilikuwa na joto na unyevu. Nyumba ya dada yake Bi Mwanamize ilikuwa imeshawekwa taa za harusi. Gari lilikuwa na vumbi la kilomita elfu moja, na wageni walikuwa wanafika. Bwana Hilal alilizunguka gari, akaguna. Alikunja mikono ya kanzu, akauchukua mpira wa maji uliokuwa karibu na lango, akaufungulia na kuuelekeza kwenye gurudumu la mbele.

"Baba," Protus alisema. "Bado."

Alilisema kabla hajapata nafasi ya kuogopa. Bwana Hilal aligeuka, maji yakimwagika kwenye viatu vyake. Alilitazama gurudumu, kisha mkono wake wenye mpira. Akafunga bomba.

"Mpaka lini?"

"Mpaka zipoe kabisa. Saa nzima hivi."

Wageni waliendelea kupita wakilitazama gari chafu lililosimama langoni pa harusi. Bwana Hilal aliketi kwenye ngazi, akamwonyesha Protus nafasi kando yake, na wote wawili wakangoja.